Wakasema kalishwa limbwata, kumbe mishipa ya kichwa!

Hapa mjini kuna kesi moja ambayo haihitaji hakimu wala mashahidi. Mwanamume akianza kumsikiliza sana mkewe, akaacha kwenda kijiweni, akawa mpole ghafla, akiulizwa jambo anamgeukia mkewe ndiye ajibu, basi hukumu imeshatoka: kalishwa limbwata. Na kama huyo mke katokea Tanga, ndiyo kabisa, hakuna hata rufaa.

Msomaji wangu, mimi nimeishi ndani ya kesi ya namna hiyo kwa karibu miaka minne, nyumbani kwetu Mtoni kwa Azizi Ali. Mshitakiwa alikuwa ma'mdogo, mke wa pili wa baba yangu, aliyeolewa mama yetu alipofariki. Katokea Tanga, tena anajua kupika, kwa hiyo kila kitu kilikuwa dhidi yake. Mlalamikaji alikuwa shangazi. Na kielelezo ndiye dingi mwenyewe, kakaa sebuleni kwenye kochi, kimya, anatazama televisheni hata kama imezimwa.

Nianze na dingi alivyokuwa, maana bila hivyo hutanielewa. Mzee wangu ni fundi cherehani. Usifikiri fundi wa kutia viraka. Fundi wa suti! Alikuwa na meza yake barazani Kariakoo tangu mimi sijazaliwa, na mabwana harusi wa Temeke nzima wamepita mikononi mwake. Alikuwa akikutazama unavuka barabara ameshajua kiuno chako. Vipimo hakuandika. Wateja sita, kila mmoja na bega lake na mkono wake, wote kichwani. Na mdomo, jamani! Yanga ikifungwa, mashabiki wa Yanga walikuwa wanapita mtaa wa pili ili wasikutane naye.

Mwaka 2017 ndiyo mambo yalianza, ila hakuna aliyejua kwamba yameanza. Siku moja mteja kaja kuchukua koti lake, kuvaa, mikono yote miwili ni ya kushoto. Fundi wa miaka thelathini na zaidi kakata mikono miwili ya kushoto! Pale barazani walicheka wiki nzima. Ma'mdogo hakucheka, akatoa hela ya kitambaa kingine kwenye mshiko wake wa vitumbua.

Baada ya hapo dingi akanunua daftari akaanza kuandika vipimo. Suruali ya siku mbili ikawa ya wiki mbili. Anaweka kitambaa mezani, anashika chaki, anasimama. Anajua kukata, anajua kushona, ila kupanga kwamba hiki kinatangulia na kile kinafuata ndiko kulikomshinda. Na hapa ndipo watu wote walipodanganyika, maana mzee hakuwa anasahau. Ukimuuliza kikosi cha Simba cha zamani anakutajia wachezaji mmoja mmoja. Majina ya wateja anayajua, deni la kila mtu analijua. Sisi tumezoea kwamba akili ikiharibika mtu anasahau njia ya nyumbani, anamwita mwanawe kwa jina la jirani. Mzee kichwa kilikuwa kimejaa, tatizo kilikuwa kizito kama gari la mizigo linalopanda mlima.

Halafu miguu. Alianza kutembea hatua fupi fupi, ndala zinakwaruza sakafu, kama mtu anayeogopa kuteleza. Majirani wakasema mzee anazeeka. Anazeeka nini, mtu wa miaka 61? Halafu haja ndogo: ikimshika hapo hapo, asipokimbia imekwisha. Halafu kilio. Huyu ni mwanamume ambaye siku tunamzika mama alisimama wima kama mlingoti. Sasa akawa analia kwenye tangazo la sabuni. Dakika mbili, machozi yanakauka, ukimuuliza unalia nini anasema hajui. Na kweli alikuwa hajui.

Mwisho kabisa ndiyo ikaja ile hali iliyomponza ma'mdogo. Dingi akazimika. Hakuwa na huzuni wala hasira. Alikaa tu. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia kaoge, anakwenda kuoga. Usipomwambia, anakaa mpaka magharibi na shati la jana. Kwa hiyo ma'mdogo ikabidi aseme kila kitu: inuka, vaa, kunywa chai, njoo kulala. Sasa mtu wa nje akipita pale akasikia mwanamke anatoa amri na mwanamume anatii bila neno, unafikiri atasema nini?

Kikao kikaitwa mwaka 2020. Shangazi kaja na baba wadogo wawili na kanga mpya, maana kikao ni kikao. Akaanza: "Huyu si kaka yangu. Kaka yangu hakuwa mtu wa kuambiwa kaoge na mwanamke, akainuka." Akasema mengi, na katikati ya hayo mengi likachomoza na suala la nyumba: hati ipo wapi, na kwa nini ufunguo wa kabati anakaa nao mke. Hapo nikaelewa kwamba uchungu wa dada kwa kaka yake ulikuwa wa kweli kabisa, ila haukuja peke yake. Ikapendekezwa ma'mdogo arudi kwao Tanga na sufuria zake mpaka mzee "afunguliwe".

Ma'mdogo kasikiliza yote hayo kimya, mikono mapajani. Alipopewa nafasi alisema sentensi moja tu: "Wifi, kama ningekuwa na dawa ya kumtawala mume, ningempa ya kumrudisha kazini."

Baba mdogo mmoja alicheka akajikohoza. Wakamgeukia dingi: haya kaka, sema wewe. Dingi akamtazama mkewe, akatutazama sisi, akaangua kilio. Basi bwana, ikawa ndiyo ushahidi wenyewe! Wakakubaliana aletwe mtaalamu kutoka Mkuranga. Kaja, kafukiza, kamchanja mzee chale sita, kaondoka na laki na nusu. Kati ya watu wote waliojaa sebule ile hakuna aliyeleta mashine ya kupimia presha. Na dingi presha aliambiwa anayo tangu mwaka 2012. Alimeza vidonge mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Ndivyo wanavyofanya wengi: dawa ya presha wanaimeza kama ya malaria, ikiisha imeisha.

Ikafika Machi 2021. Alfajiri ma'mdogo kampa kikombe, kikombe kikaanguka. Kampa tena, kikaanguka tena. Kuwasha taa, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, anazungumza kama ana kiazi cha moto mdomoni. Mayowe. Majirani hao! Mmoja anataka anyweshwe uji apate nguvu. Mwingine kaja na mafuta ya kusugua. Wa tatu, kijana mzima mwenye simu kali, kaja na sindano: eti kasoma kwenye simu kwamba ukimtoboa mtu wa stroki ncha za vidole damu ikitoka anapona.

Ma'mdogo aliwafukuza wote, hasa yule wa uji. Baadaye daktari alimsifu kwa hilo. Mtu wa stroki koo linaweza kuwa limepooza pia. Ukimnywesha kitu kinaingia mapafuni, unamuua kwa uji wako wa huruma. Na ile sindano ni upuuzi mtupu, haifungui mshipa wowote.

Tukapanda bajaji. Kilwa Road asubuhi unaijua. Hospitali ya kwanza haikuwa na kipimo cha CT-Skani, tukahamishwa. Hadi mzee anaingizwa kwenye ile mashine ya duara jua lilikuwa limeshapita utosini. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa, lakini inatakiwa ichomwe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na bado si kila hospitali inayo. Tena haiwezi kutolewa kabla ya picha, kwa sababu stroki ziko mbili: ya mshipa kuziba na ya mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kuziba ukiipa dawa hiyo unaokoa. Ya kupasuka ukiipa dawa hiyo hiyo unaongeza mafuriko. Hata aspirini ya dukani usimpe mtu kabla hajapigwa picha.

Daktari wetu alikuwa dada wa rika langu, kavaa raba. Akaweka picha kwenye kompyuta, akatuita: mimi, ma'mdogo, kaka yangu na shangazi. Akaonyesha doa moja upande wa kushoto wa ubongo. "Hili ndilo la leo," akasema. Kisha kalamu yake ikaendelea kutembea. "Na haya hapa si ya leo." Yalikuwa matundu madogo meusi, hapa moja, pale mawili, kama kitambaa kilichofumuliwa mshono yakabaki matundu ya sindano. Na pembezoni, kivuli.

Akauliza: "Mzee ameanza lini kutembea kwa kuburuta miguu?" Kimya. "Kubanwa na mkojo? Kulia bila sababu? Kukaa tu bila kutaka kitu?" Ma'mdogo ndiye aliyejibu, mwezi kwa mwezi. Miguu, baada ya Idi ya mwaka 2018. Kilio, mwaka huo huo mwishoni. Kuna Jumatatu moja vidole vilikataa kufunga vifungo, baada ya siku mbili vikarudi. Kuna asubuhi nyingine aliamka ameshuka ngazi nzima, jana anajibu maswali, leo hajibu. Halafu miezi mitano hakuna kilichobadilika. Yule dada daktari aliacha kuandika akamtazama. "Mama," akasema, "kila ngazi uliyoiona ilikuwa kistroki kidogo."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Sikumtazama usoni, ila kanga niliiona, alikuwa anaiviringa kidoleni.

Sasa ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya damu inayotoka kwenye moyo. Una mabomba makubwa shingoni, na ndani kabisa una vimishipa vyembamba kama nywele, vinavyolisha zile nyaya zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Presha ikiwa juu miaka nenda miaka rudi, vimishipa hivi vinapigwa, kuta zake zinanenepa na kukakamaa, tundu linazidi kuwa dogo, na siku moja kimoja kinaziba. Kwa kuwa ni kidogo, huanguki. Huenda usihisi kitu kabisa, au uone kidole kizito siku mbili. Kesho kutwa kinaziba kingine. Sukari na sigara zinasaidia kuharibu, lakini presha ndiyo kinara.

Na kwa kuwa kinachokatika ni nyaya za mawasiliano, kinachotangulia kwenda mara nyingi ni wepesi wa akili, mpangilio, ari, mwendo, breki za kilio na kicheko. Kumbukumbu inaweza kubaki vizuri tu. Ndiyo maana fundi anakumbuka deni la kila mteja na anakata mikono miwili ya kushoto.

Mimi nikishikwa na jambo silali, nikaanza kusoma. Nikakutana na nini? Kesi ya limbwata ya Ikulu ya Marekani! Rais Woodrow Wilson alifiwa na mkewe wa kwanza mwaka 1914, akaoa wa pili, Edith, Desemba 1915. Oktoba 2, 1919, akapigwa na stroki kubwa, upande wa kushoto ukapooza. Hali yake ikafichwa. Edith ndiye aliyekuwa anaamua karatasi gani iingie chumbani kwa mzee na ipi ikae nje. Kama kawaida, wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba nchi inatawaliwa na mwanamke. Desemba ile maseneta wawili wakatumwa kwenda kumwona kwa macho yao. Nacho si kikao hicho? Wakamkuta kitandani kafunikwa vizuri, karatasi zimewekwa upande wa mkono unaofanya kazi, wakaondoka wameridhika. Akabaki rais mpaka Machi 1921, akafa Februari 1924.

Lakini kilichonigusa ni cha nyuma zaidi. Mwaka 1896 mkono wake wa kulia uliwahi kuishiwa nguvu kwa miezi. Mwaka 1906 jicho la kushoto likapata matatizo ya mishipa, likapoteza sehemu kubwa ya kuona. Hayo yote yalikuwepo miaka mingi kabla Edith hajatia mguu nyumbani kwake. Edith alifanya makosa yake makubwa ya kuficha, simtetei. Ila mume hakupoozeshwa na mke.

Na usidhani haya ni mambo ya Wazungu wazee. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu stroki katika maeneo ya Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nyumba kwa nyumba, hata zile ambazo hazikufika hospitali. Walipoweka sawa tofauti za umri, Hai ilikuwa na kama watu 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar? Kama 316. Mara tatu ya watu wa mlimani! Sisi wa mjini tunaojiona wajanja.

Kaka yangu, miaka 31, mwili wa mazoezi, shati la kubana, alicheka nilipomwambia tukapime. Tukaenda duka la dawa Tandika. Mashine ikasoma 158 kwa 102. Akasema mashine kimeo. Tukaenda duka la pili, 156 kwa 100. Akasema mbona hata kichwa hakimuumi! Ndiyo hivyo, kaka, presha haina adabu ya kubisha hodi. Daktari alisema kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, si cha kupuuza hata kama unacheza mpira dakika tisini. Akamwambia apunguze chumvi, aache sigara, arudi. Amerudi mara mbili. Sigara bado anajificha nazo nyuma ya choo, namwona.

Mnauliza dingi yukoje leo. Mkono umerudi kiasi, kikombe anashika. Ulimi umefunguka, ingawa anaongea taratibu na wewe inabidi uwe na subira. Ukimmalizia sentensi anakasirika. Daktari hakutudanganya: kilichokufa kwenye ubongo hakirudi, na ngazi nyingine zinaweza kuja. Vidonge vya presha na aspirini ndogo ya kila siku ni vya kuchelewesha ngazi inayofuata. Tangu 2021 ameshuka mara moja tu, mwaka 2023. Cherehani tumeiacha pale dirishani. Kuna siku anakaa mbele yake, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, anautoa, anaupitisha tena. Mkono mbovu huo huo! Usimwingilie.

Ile hali ya kukaa tu bado ipo, na hiyo ndiyo ngumu kuwaeleza wageni. Watu wanaona uvivu, au kususa, au wanaona mke anayetoa amri. Ma'mdogo haelezi tena. Anasema "mzee, inuka tukaote jua," mzee anainuka, anayetaka kunong'ona anong'one. Hela ya nepi na vidonge kila mwezi inatoka kwenye vitumbua na kwenye mshahara wangu, wanaonong'ona hawajachangia hata pakiti moja.

Shangazi hakuomba radhi, na sidhani kama ataomba. Wakubwa wetu hawaombi radhi kwa maneno. Alichofanya ni kuja Jumapili moja na kuku wawili wa kienyeji, akaingia jikoni, akaketi kwenye kibao karibu na wifi yake akaanza kunyonyoa. Suala la hati halijatajwa tena. Baba mdogo mmoja bado anaamini limbwata, na anasema lile la Tanga hata mashine ya Wazungu hailioni. Mwache.

Lile daftari la vipimo ambalo dingi alilinunua, ma'mdogo ndiye analiandika siku hizi. Kurasa za mwanzo ni kiuno 34, bega 18, mwandiko wa baba unazidi kuwa mdogo mpaka hausomeki. Halafu unaanza mwandiko wake yeye: asubuhi 138 kwa 84, jioni 142 kwa 86, amekula, amelia kidogo, amecheka. Daktari akilikuta lile daftari anafurahi kuliko akiona pesa.

Wiki mbili zilizopita waliondoka wote watatu kwenda kliniki, dingi katikati, wifi na wifi kila mmoja kwapa lake. Katika kusubiri zamu, nesi akampima na shangazi. Ikasoma 172 kwa 104. Shangazi akasema ni joto la kwenye daladala. Ma'mdogo hakubishana naye. Akafungua daftari, akageuza mpaka ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe, akaandika jina la wifi yake, akaandika 172 kwa 104, kisha akamwuliza kesho aje kupimwa saa ngapi.